Tarumbeta Juu ya Jiko

Kwanza niseme nilikuwa nyuma, kwenye projekta,
kazi yangu kuwasha na kuzima,
na mpiga tarumbeta ni ndugu yangu, Kaarel;
basi yapimeni maneno yangu mnavyotaka.

Ukumbi wa Viljandi, Februari, theluji imefika madirishani.
Watu arobaini na makoti yao.
Bendi inajiita Chumvi ya Barabara.
Video ni dakika kumi na moja, kamera haitikisiki hata kwa kikohozi:
jikoni, wanne mezani wanakunywa supu ya njegere,
na juu ya jiko la kuni, imening'inizwa kwa waya,
tarumbeta iliyojazwa maji, ikazibwa,
ikalazwa nje usiku kucha hadi ikawa gogo la barafu.
Hawapigi chochote. Wanakula.
Tunangoja iyeyuke.

Dakika ya pili mtoto akauliza, "Wataanza lini?"
Ya tatu, kicheko kule kushoto,
kile cha mtu anayeogopa kuonekana hajaelewa.
Ya nne, Heldur, fundi bomba,
akatega sikio: tone la kwanza,
ti,
kwenye sufuria.
"Washa imelegea," akasema kwa sauti, "nipeni dakika tano."
Bi Urve, mwalimu wa piano, alihesabu kwa vidole juu ya paja,
saba, kisha tano, kisha akapotea njia,
akakasirika kama aliyeibiwa.
Kijana mmoja akatoka, akabamiza mlango,
akarudi kuchukua glavu,
akabaki amesimama, moja kaivaa, moja kaishika,
hadi mwisho.

Kila mwamba ngozi huvutia kwake, wahenga walisema;
usiku ule ngozi ilikuwa kimya kitupu,
nao waliivuta hadi ikalia.

Na mama? Mama hakuona sanaa wala upuuzi.
Aliona shaba ikipasuka kwenye mshono.
Akageuka akanitafuta gizani:
"Mkopo wake bado naulipa."

Mwishoni tone moja lilining'inia mdomoni mwa tarumbeta,
likanenepa,
likavuta mwanga wote wa jiko ndani yake,
na picha ikakatika.
Ukumbi uliguna kama mtu aliyekosa kidato cha ngazi.
Wengine wakapiga makofi. Wengine wakadai kiingilio chao.
Heldur alifanya yote mawili.

Siku tatu mama hakuligusa jambo.
Ya nne, akimenya viazi, kanipa mgongo:
"Lile tone. Lilianguka?"
Sijui, mama. Kamera ilizimwa.
Akafuta mikono, akampigia Kaarel,
ambaye hawajaongea tangu Krismasi ile ya ugomvi,
akamuuliza hilo tu, bila salamu.
Kimya kirefu upande wa pili.
Kisha sauti ya ndugu yangu, ndogo:
"Sijui, mama. Nilikuwa nimefumba macho."

Hakukata simu.
Wala yeye hakukata.
Viazi vikaanza kuwa vyeusi kwenye bakuli.