Haipo

Bi Anaeli ameileta ndani ya bahasha ya benki,
negativu moja, nyeusi kama kitako cha sufuria.
"Nimezunguka Moshi nzima," anasema,
"vijana wa kompyuta wananiambia haisomeki.
Huyo ni mama."

Naiweka juu ya kioo chenye taa.
Kibosho, saa sita mchana, msimu wa kahawa.
Aliyepiga alisahau kwamba jua la huko juu halina adabu,
akaiacha lenzi wazi kama mlango wa msibani.
Mwanga ukaingia bila hodi, ukakaa, ukazidi.
Uso wa mama umekuwa lami.
Hata theluji ya Kibo, nyuma ya migomba,
ni bonge la masizi.

Dawa ipo. Chembe nyekundu kwenye chupa
ambayo marehemu Fundi Ndetaramo aliiandika SUMU
ili sisi wanafunzi tusiichezee,
na ile nyingine, nyeupe, tunayoiita haipo.
Siku yangu ya kwanza nilimuuliza:
Fundi, haipo iko wapi?
Ipo, rafu ya chini.

Zikichanganywa huwa manjano, mkojo wa asubuhi,
na uhai wake ni dakika chache.
Kwa hiyo kwanza namweleza Bi Anaeli ukweli wa kazi:
weusi huu ni fedha, fedha halisi,
nami nakwenda kuitoa.
"Ikishatoka?"
Hairudi.
Anacheka. "Kama ya kwangu."

Lakini kuna kijana mlangoni.
Sikumwona mpaka nilipochukua kioo cha kukuzia:
yuko kwenye kivuli cha nyumba, amebeba debe,
mwembamba juu ya filamu kama pumzi dirishani.
Dawa haina macho. Huanza na walio wepesi.
Nikiitumbukiza yote, mama atafunguka,
na huyu atakwenda na maji.

"Nani huyu?"
Anainama. Ananyamaza.
Lori la mbao linapita nje, chupa zinagongana rafuni.
"Basi ndiye Elinami," anasema.
"Sikujua kama yumo."

Beseni nimelisukuma pembeni.
Pamba, njiti ya kiberiti,
pumzi nimeibana.
Nagusa paji la uso, nasuuza. Shavu, nasuuza.
Jicho la kushoto linatoka kwenye lami
kama buni inavyochoropoka kwenye ganda lake.
Kisha kidole kinatetemeka, mara moja tu,
tone linateleza,
nalifukuza kwa maji, maji, maji.

Naanika. Tunasubiri.
Mama amekunja uso, analitazama jua
kama mtu anayedaiwa asichokopa.
Theluji nimeiacha nyeusi; mlima haukuniomba.
Elinami yupo. Debe lipo.
Mkono ulioshika debe,
kuanzia kiganja,
haupo.

Bi Anaeli anahesabu noti, nampunguzia, anakataa.
Anauliza kama airudishe kwenye bahasha ile ile.
Namwambia hapana,
karatasi ile itaila.