Mbaazi Moja

Ontita wangu ana miaka sita na sheria kumi na mbili.
Wali usiguswe na mchuzi.
Mkate uvuliwe ngozi.
Yai, kiini kikae kwake, ute ukae kwake,
kama majirani waliogombania mpaka wa shamba.
Kitu cha kijani kisipite hata karibu na sahani.

Nyamira nilimvumilia. Nyumbani kuna stara.
Lakini tumekuja Mombasa siku nne,
bonasi ya majani chai imeishia kwenye tikiti za treni,
na mtoto anataka ndizi na maziwa,
ndizi na maziwa,
kana kwamba nazi haikuumbwa.

Kwenye bustani ya maji, kule Nyali,
kuna mtelezo wa rangi ya chungwa
unaojizungusha mara tano
kisha unakutema bwawani kama kokwa.
Watu wazima hufika juu, wakachungulia,
wakakumbuka wamesahau simu chini.
Ontita ameupanda mara kumi na moja,
mara tatu ametanguliza kichwa
mpaka mlinzi akampigia kipenga.

Saa saba tukatoka nje ya lango,
mihuri mkononi, tukiichunga isifutike,
maana ndani sahani ya chipsi ni bei ya jogoo.
Bi Zuwena akafunua sufuria:
mbaazi zimetulia kwenye tui zito,
mahamri yamevimba mashavu,
iliki inakuita kabla hujavuka barabara.
Kwamboka, dada mtu, alikula kama mzaliwa wa Kibokoni.
Baba yao akalamba kidole,
akatazama kando,
akalamba tena.

Ontita akaitazama sufuria
kama mimi ninavyoutazama ule mtelezo.
"Zina macho," akasema.
Na kweli, kila mbaazi ina kitone
pale ilipoagana na ganda lake.
"Zinaniangalia."

Nikambembeleza. Nikaahidi aiskrimu.
Nikataja watoto wanaolala njaa,
hoja ambayo haijawahi kumshibisha mtoto yeyote.
"Mwache," akasema Bi Zuwena, akigeuza viazi karai.
"Mdomo si mlango wa kuvunjwa."

Tukanyamaza. Halafu mwanangu, kaptura ikimchuruzika:
"Mama. Mimi nitakula moja.
Wewe panda moja."

Ngazi sitini na mbili.
Nilizihesabu kwa Ekegusii, lugha ninayoogopea.
Nyuma yangu foleni ya watoto
wakinong'ona kwa heshima, kama walio matangani.
Kijana wa zamu akaniambia, "Mama, lala chali,
kunja mikono kifuani."
Hivyo ndivyo tulivyomlaza marehemu baba mkwe.

Sikuona kona hata moja.
Nilimsikia mwanamke fulani akipiga mayowe,
nikamhurumia,
kisha bwawa likaniingia puani, kinywani, tumboni,
na nikamtambua.

Ontita alikuwa amesimama ukingoni,
mbaazi kiganjani, ameipitisha langoni kwa magendo
chini ya bango linalokataza chakula cha nje.
Akanipa mgongo. Mabega yakapanda, yakashuka.
Akageuka, akafungua mdomo wazi nikague:
ulimi, meno, pengo.
"Si mbaya," akasema. "Sitaki tena."
Akakimbilia ngazi.

Usiku, kwenye chumba cha wageni Bamburi,
nikikamua kaptura yake juu ya ndoo,
kidole kikagusa kitu mfukoni.
Mbaazi. Imevimba maji, jicho lake liko palepale.
Ndiyo ile aliyoniapia ameimeza?
Au ni ya pili, amejiwekea akiba?

Sikumwamsha.
Mimi nami sijamwambia
kwamba kule juu yule kijana alinisukuma.

Nikaitia kinywani.
Dawa ya bwawa, uzi wa kaptura,
na nazi,
kwa mbali sana.