Sabuni Inayohesabu

Siku ya kwanza nilikaa uani kwa Jorina,
daftari gotini, kalamu sikioni,
na kila mtu akanawa.
Aliyetoka chooni akanawa. Aliyekwenda jikoni akanawa.
Hata shemeji yake, aliyekuja kuazima jembe tu,
akanawa, akanionyesha viganja kama hati ya kiwanja.
Jioni niliandika: asilimia tisini na sita.
Kisha nikaifuta.
Macho yangu ndiyo yaliyowanawisha.

Ndipo mradi ukaleta sabuni ile,
ya rangi ya waridi, sawa na za dukani Sirajganj,
ila tumboni imemeza kidude kama punje ya dengu
kinachoandika kila inapoinuliwa.
Tuliwaambia wazi. Wakatia sahihi, wengine dole gumba.
Wiki ya kwanza waliiogopa, ya pili wakaizoea,
ya tatu wakaisahau,
nasi tukaanza kujua.

Nusu ya nyumba tulizitundikia kioo juu ya pampu:
mtu aje kutazama uso, mikono ifuate.
Nusu nyingine hazikupewa kitu.
Kura ilimwangukia Jorina: asubiri.

Lakini sabuni yake haikulala.
Saa nane usiku. Saa tisa. Saa kumi na dakika kumi.
Daktari Nazmul akasema, "Panya huyo.
Futa mstari, unatuharibia wastani."

Nikavuka mto kwenda kumtafuta panya.

Nilimkuta mama mkwe, kalala upande mmoja
tangu mafuriko yalipokupwa, mdomo umepinda,
na Jorina akimgeuza, akimpangusa,
akinawa, akimgeuza tena.
Fomu yangu ina nyakati tano za kunawa.
Huu haumo.
"Mbona hukusema, siku zile nilipokaa hapa?"
"Uliniuliza mikono inanawa lini," akasema,
"hukuniuliza inashika nini."

Mstari nimeuacha. Wastani umepinda kidogo, upinde.
Kwa majirani kioo kimeongeza kumi na moja kwa mia,
si haba, tutaandika ripoti.

Nilipoaga akaniomba kioo,
si cha pampuni, cha kitandani,
bibi aone ua bila kugeuzwa.
Kanuni inasema wanaosubiri wasubiri hadi Machi.
Sikumjibu.
Nilikwenda pampuni nikanawa, taratibu,
mpaka kwenye kucha,
nayo sabuni ikaniandika na mimi:
saa tano na dakika nane, asubuhi.