Roshani ya Ghorofa ya Sita

Ramani ya meli imelala mezani,
imetolewa stationari ya Tukuyu mjini, ya rangi, elfu moja ukurasa.
Kona moja nimeigandamiza kwa parachichi,
nyingine kwa kikombe cha Mwalimu,
maana mlango uko wazi na ukungu wa Rungwe
haujawahi kupiga hodi.

Gwakisa kasema tuchague kabla ya Ijumaa.
Tiketi ni ya bei ya mfanyakazi, haitatokea tena.
Miaka sita anafua mashuka ya watu
tumboni mwa meli hiyohiyo.

Mwalimu Ambwene kavaa miwani, kashika penseli nyekundu,
anaisahihisha meli kama daftari la darasa la nne.
"Vyumba vya ndani, bei ya chini. Tuchukue hivi.
Aliyefumba macho, mama Gwakisa,
dirisha la nini?"

Simjibu.
Miaka ishirini na tisa nilichambua chai kiwandani
katika chumba kisicho na dirisha.
Unatoka saa kumi jioni, mvua imeshanyesha, imeshakatika,
na siku wameshaila wengine.

Nataka roshani.
Nimelitamka, na neno limesimama hapo
kama mgeni ambaye hajapewa kiti.

"Roshani ni magunia kumi na mawili ya parachichi,"
asema, akipiga hesabu pembeni mwa bahari.
"Kumi na mawili! Ukae nje utazame nini? Maji?"
"Mvua nayo ni maji," namwambia,
"na umeitazama miaka sitini bila kulipa."

Basi tukaanza kutafuta kama watafuta kiwanja.
Hiki kiko juu ya injini: ni kujenga jirani na mashine ya kusaga.
Hiki kiko chini ya jiko: alfajiri viti vitaburutwa utosini.
Huku mbele mawimbi hupanda, na Mwalimu
hutapika Kitonga hata akikaa siti ya dereva.

Kisha penseli ikasimama ghorofa ya sita.
Roshani tano, bei imekatwa karibu nusu,
na kinyota kidogo chini:
mandhari imezibwa na mashua ya kuokolea.

Mwalimu akacheka mpaka miwani ikamshuka.
"Tulipie roshani tutazame tako la mashua!"

Nikasema: mimi nimezaliwa na mlima mbele ya mlango.
Upeo mtupu, usio na kitu kilichosimama,
utanitia kizunguzungu.
Ni kweli.
Si kweli yote.

Mwaka juzi, simu ikikatikakatika, Gwakisa alinieleza
kwamba analala chini ya mstari wa maji,
vitanda vinne, hakuna hata tundu,
asubuhi anaijua kwa kengele.
Ila Jumatano king'ora cha mazoezi kikilia
hupanda hadi juu, kavaa jaketi la kuelea,
akasimama chini ya mashua namba kumi na nne
dakika ishirini, uso kwenye upepo.
"Hizo ndizo zangu, mama," alisema.
Kisha mtandao ukamchukua.

Nikapita na ukucha juu ya karatasi:
kumi.
Kumi na mbili.
Kumi na nne.
Chumba cha nyuma yake kilikuwa bado cheupe.

"Hiki," nikasema, kama anayechagua nyanya.

Mwalimu akaandika nambari kwa mwandiko wake wa ubaoni,
huku anajisifu kwamba tumeokoa magunia matano.
Sikumsahihisha.
Nikalichukua parachichi, ramani ikajikunja kona;
lilikuwa limeiva upande mmoja tu, ule uliolalia karatasi.
Nikampa nusu, na chumvi.

Jumatano itakuwa siku ya tatu ya safari.
Nimeshahesabu.