Kielelezo P.4

Kazi yangu kubandika namba.
Kanga doti moja, nyekundu na nyeusi: P.4.
Sukari kilo mbili, mfuko umetoboka pembeni: P.5.
Noti ya elfu kumi, imekunjwa mara nne: P.6.
Nagonga muhuri, natia saini,
naviweka kwenye kabati la Mahkama, hapa Chake,
lenye kufuli ambalo hata kijiti cha kiberiti hulifungua.

Shahidi wa tatu, Kazija Faki,
mchumaji karafuu, mkaazi wa Mgelema.
Vidole vyake bado vina weusi wa makonyo.
Akaapa. Akaulizwa kanga kaipata wapi.
"Kaniletea Ngwali, usiku, keshoye kura."
Alikwambia ni ya nini?
"Hakusema.
Kwetu mtu akikupa kitu usiku hasemi,
na wewe huwi kiziwi."

Watu wakacheka. Jaji hakucheka.
Nikaandika: Hakusema.
Ile ya kiziwi
sikujua niitie safu gani.

Akainuka wakili wa mjibu maombi,
kaja kwa ndege ya asubuhi kutoka Unguja,
akaikunjua P.4 kama mwenye duka,
akasoma jina lake, taratibu, ukumbi wote usikie:
*Nimepewa kwa mapenzi, msitafute sababu.*
"Mheshimiwa Jaji, kanga yenyewe inamtetea mteja wangu."

Kisha maswali, moja moja,
kama mtu anayechambua changu mwiba kwa mwiba.
Huyo Ngwali ni wakala wa mgombea? Barua yake umeiona?
Mgombea alikuwepo? Alijua? Aliridhia?
Usiku huo kulikuwa na mwezi?
Kanga hizi si zinauzwa Darajani, Mkoani, kila mahali?
Na noti hii, namba yake uliiandika?
"Nani aandike namba ya noti," Kazija akasema,
"na ndani hamna unga?"

"Lakini ulipokea.
Unajua, bibi, kwamba sheria humshika anayetoa
na humshika anayepokea?"

Hapo akanyamaza.
Feni ikazunguka, ikakwama, ikazunguka.
Miaka kumi na mmoja niko kwenye meza hii,
sijapata alama ya kuandikia kimya.
Nikaacha mstari mtupu.
Jaji akanitazama.
Nikaujaza: Shahidi hakujibu.

Shahidi wa nne hakutokea.
Wa tano alikuja na shati jipya, akasema hakumbuki.
Mwezi uliopita, kwenye kiapo, alikumbuka kurasa mbili.

Hukumu ikasomwa baada ya wiki sita.
Jaji alisoma kwa haki, siwezi kusema vingine.
Rushwa haipimwi kwa kukisia, alisema,
ithibitishwe pasi na shaka yenye maana;
na shaka siku ile ilikuwa imejaa ukumbi mzima,
imekaa hadi barazani, viatu mkononi.
*Haikuthibitika.*
Herufi kumi na nne.
Nimezichapa mwenyewe.

Nilipofungua kabati kurudisha vielelezo
P.5 ilikuwa imebaki nusu.
Sisimizi walikuwa njiani bado, safu imenyooka,
kila mmoja na chembe yake,
wala hakuna aliyewauliza nia.
Noti mlalamikaji alisaini, akaondoka nayo.
Kanga Kazija hakuifuata.
Nilimpelekea salamu mara mbili. Kajibu: ikae huko huko.

Jioni, nyumbani,
mama kaniinamia jamvini, anazoa karafuu kabla ya umande,
kanipa mgongo.
Nyekundu na nyeusi.
Nikasoma kilichosomeka, *Nimepewa kwa map*,
kilichobaki kimefungwa kiunoni.

"Ile kesi yenu imekwendaje?"
"Haikuthibitika."
"Ehee," akasema.
Akauvuta upindo, maandishi yakaingia ndani,
akaendelea kuzoa mpaka jamvi likabaki jeupe,
halafu akaniuliza, bila ya kugeuka,
chai yangu aitie sukari vijiko vingapi.