Kushoto, Chini ya Udi

Dukani kwa Mbarouk, Chake Chake,
mwanangu Suleyum kesha kuamua:
spika tano, na ile ya besi
itakayotikisa mbavu filamu ikipiga mabomu.
"Mama, hata vikombe kabatini vitacheza."
Vikombe vyangu sitaki vicheze.

Chumba chenyewe kimoja tu, cha uani, Wete,
senema na muziki humo humo.
Kuta za mawe; sauti hutoka ikarudi
kama mgeni aliyesahau kofia.
Zulia nimeahidi, na mapazia mazito.
Umeme wetu mnaujua: stabilaiza kwanza, mapambo baadaye.

Nikatoa kaseti mkobani.
Mbarouk akacheka, akaipangusa deki kwa upindo wa shati.

Spika za kwanza: fidla tamu mno,
chai ya harusini.
Za pili: ngoma zote mbele,
waimbaji nyuma ya mlango.
Za tatu, za mitumba, mbao zimechubuka,
kitambaa kimefubaa,
na upande wa kushoto, chini kidogo ya udi,
mtu akakohoa.
Mara moja.
Kisha kiti kikalia.

Suleyum alikuwa wa miaka miwili tulipomzika.
"Rudisha," akasema.
Tukarudisha mara nne.

Bei tuliivuta hadi adhuhuri;
Mbarouk akatoa waya bure, akaapa kafilisika.
Ile ya besi tumeiacha huko huko.
Filamu tutatazama, wa kufa wafe kwa sauti ndogo.
Ila pale kushoto
nimeshasema pasiwekwe kabati.
Nataka kiti.