Dakika Moja

Nimepewa dakika moja ya swali la nyongeza.
Spika ana saa, na saa yake haina mjomba.
Nimekaa mezani Uru, umeme umekatika,
simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari inimulikie,
napunguza maneno kama mtu anayepunguza machipukizi ya mgomba:
lipi nikate, lipi libaki lizae.

Sajenti Aminieli alikuja Jumatatu, kofia mkononi.
Aliuvuka Kagera akiwa na miaka ishirini na mbili,
akarudi na goti linalotabiri mvua.
Ofisini wanamdai cheti cha kuachishwa jeshi.
Alicholeta ni bahasha: mchwa wamekula namba,
wamekula tarehe, wamekula jina la kamanda,
wakaacha mhuri.
"Mheshimiwa," akasema, "hata mchwa wanauogopa mhuri wa serikali."
Tukacheka.
Yeye akaacha kabla yangu.

Halafu Godlisten, mtoto wa fundi saa wa Kiboriloni,
shahada ya uhasibu, matokeo ya kujivunia.
Siku hizi ni mgumu mlimani:
kilo ishirini kichwani, na juu yake choo cha kukunja cha mgeni.
Nilimuuliza, sasa hesabu unapigia wapi?
"Napiga hatua, Mheshimiwa. Nazo nazihesabu."

Wawili hao wangetosha kuimaliza dakika.
Lakini si hao walioninyima usingizi.

Ni Ndealilia.
Ndealilia wa chini ya mfongo, mwenye miti mia mbili na kumi ya kahawa,
aliyechoka kusubiri malipo ya pili mpaka yakawa hadithi,
akanunua kikaangio, akakaanga mwenyewe,
akafunga pakiti za robo, akabandika picha ya mama yake.
Watoto wakienda shule walipita wakinusa ukuta.
Aliajiri wasichana watatu.
Kisha wakaja wenye fulana za nembo.
Mmoja anataka leseni, mmoja mizani ikapimwe mjini,
mmoja mtungi wa kuzimia moto,
mmoja vipimo vya choo vya wasichana wote,
mmoja akaitazama picha akauliza, na bibi huyu ana kibali?
Vibali saba kwa chumba chenye dirisha moja.
Kikaangio sasa kinalaza kuku.

Nilitaka kusimama nigonge meza: nani alitunga kitu hiki?
Nikafungua makabrasha kuitafuta sheria iliyoizaa kanuni,
nikaupata mwaka, nikaikumbuka siku.
Alasiri, baada ya wali na samaki.
Kurasa tisini na nne. Mimi nilisoma jalada.
*Wanaoafiki waseme ndiyo.*
Nilisema ndiyo.
Wala haikuwa ndiyo kubwa;
ilikuwa ndiyo ya mtu anayetafuta miwani yake.
*Nadhani walioafiki wameshinda.*
Kweli, tulishinda.
Tulimshinda Ndealilia.

Saa kumi usiku nimetoka na tochi hadi mpakani mwa kihamba,
nimekata jani la isale, nimelipiga fundo
kama marehemu baba alivyolipiga
siku alipomwendea jirani aliyemwibia zamu ya maji.
Hakusema neno njia nzima. Nilimfuata nyuma, nilikuwa mdogo,
sikujua mtu mzima naye huenda kuomba.

Kanuni za Bunge hazina kifungu cha jani.
Basi halitaanzia Dodoma.

Niko langoni kwa Ndealilia.
Mbwa amebweka mpaka amechoka, amekaa, ananitazama.
Huko barabarani dereva anapiga honi fupi, ya adabu.
Ndani mtu amewasha kibatari, anauliza, "Nani?"
Nafungua kinywa kujibu "Mheshimiwa,"
naona neno hilo halitoshi kuinua komeo.

"Ni Elinaike," nasema. "Binti wa Kileo. Nimekuja na isale."

Kimya.
Kisha nasikia kuku wakishuka kwenye kikaangio.